Taji Sebuleni kwa Natércia

"Kwa hiyo taji la Roho Mtakatifu limelala gizani," alisema Dona Gilberta. "Gizani! Kama viatu chini ya kitanda."

"Halikulala gizani," alijibu Hermano. "Taa ya barabarani inaingia dirishani. Hata gazeti unasoma."

"Sisemi na wewe, bwana. Nasema na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Mwenye nyumba ni marehemu Idalina, na angekuwa hai mshumaa ungekuwa unawaka."

Natércia alitoka jikoni na unga mpaka viwikoni, akasimama kati ya mumewe na yule mama mtu mzima. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na ukungu wa mtoni ulikuwa bado umeukumbatia mji wa Fall River. Mahali palipokuwa na televisheni, wanawake wa parokia walikuwa wamejenga madhabahu ya ngazi ngazi, wameifunika kitambaa cheupe na kuipamba maua mekundu ya karatasi. Juu kabisa lilikaa taji la fedha lenye njiwa mdogo kileleni. Mbele yake ulisimama mshumaa mnene, utambi wake mweusi, umejikunja.

Mshumaa ule ulipaswa kuwaka wiki nzima, usiku na mchana, hadi taji litoke kwenda kanisani. Kila mtoto wa watu waliovuka bahari kutoka visiwani kuja mji huu analijua hilo.

"Niliuzima mimi," alisema Hermano. "Nilipuliza, puu, nikaenda kulala. Nyumba ya mbao hii, Dona Gilberta. Juu yetu kuna mwanamke na mapacha. Mimi ni fundi umeme, nimeingia nyumba zilizoungua kwa cheche ndogo kuliko hiyo. Siku zote hizi naamka usiku kuuangalia kama mgonjwa. Jana nimechoka."

"Roho Mtakatifu hajawahi kuunguza nyumba ya mtu."

"Aliwashukia mitume kwa ndimi za moto. Hata mimi nalijua hilo."

"Mnalijua, hamliamini! Hiyo ndiyo shida ya nyumba hii."

"Nimewaambia niwawekee taa ya betri, mkanuna."

"Hermano," alisema Natércia. "Nyamaza."

Lakini tayari maji yalikuwa yamemwagika. Dona Gilberta alifungua mkoba wake, akatoa kiberiti, akauwasha mshumaa. Kisha akafunga mkoba, klap, na ule mlio ulikuwa kama wa nyundo ya hakimu.

"Leo ndiyo rozari ya mwisho. Tukishamaliza, wanaume wa kamati watalibeba taji walipeleke nyumbani kwa dada yangu. Kesho litatokea kule kwenda Misa. Si kwa ubaya, binti yangu. Ila taji si chungu cha maua, ukalimwagilia ukipenda."

Akashuka ngazi, hatua moja moja, akilalamika na magoti yake.

*

Jina la Idalina, mama yake Natércia, lilikuwa limetoka kwenye kura mwaka jana, ukumbini, mbele ya watu wote. Mwenye kura hulipokea taji nyumbani kwake wiki nzima, akawafungulia majirani mlango waje kusali, na Jumapili akalipeleka kanisani padri amvike mtu atakayemchagua. Idalina aliililia kura hiyo tangu mjukuu wake alipozaliwa kabla ya siku zake. Alikuwa amemwahidi Mungu: mtoto akipona, taji litatoka mlangoni kwangu. Mtoto alipona. Kura ikachelewa miaka kumi na sita. Ilipotoka, mwezi wa Februari uliofuata Idalina akafa.

"Unitolee wewe," alimwambia binti yake hospitalini. "Sikuombi uamini. Nakuomba ulitoe mlangoni kwetu."

Natércia akasema sawa. Imani ilikuwa imemtoka zamani, kama jino la utotoni, bila damu wala kilio. Siku moja aliligusa pengo kwa ulimi akakuta halipo. Hermano hakuwahi kuota hilo jino. Lakini mtu anayekufa akikuomba jambo unaloliweza, unalifanya, na maneno mengine ni upuuzi.

Asichokitarajia ni ile wiki yenyewe. Taji lilipoingia, sebule iligeuka nchi nyingine. Watu waliteremsha sauti bila kuambiwa. Hermano, ambaye hutembea kama anabeba friji, alianza kupita kwa ncha za vidole. Asubuhi kabla ya kazi, Natércia alikaa mbele ya taji na kikombe cha kahawa, hasali, haombi, anatazama tu mwali wa mshumaa ukipanda na kushuka juu ya ile fedha, hata kahawa ikapoa mkononi. Mara nyingine alihisi mtu amesimama nyuma ya kiti. Hakugeuka. Alijua hakuna mtu, na kwa nini aende kuhakikisha?

*

"Mama, wakilichukua itakuwa afadhali," alisema Sabrina, yule mjukuu wa ahadi.

Walikuwa jikoni wakikanda mkate mtamu wa sikukuu. Unga ulikuwa wa manjano kwa mayai, na nyumba nzima ilinuka maganda ya limau.

"Afadhali kwa nani?"

"Kwangu. Kila mtu anadhani kesho nitavikwa mimi."

"Bibi yako alidhani hivyo."

"Nikipiga magoti pale mbele, padri akaniwekea taji, watu wote watajua nimesema ndiyo."

"Ndiyo kwa nini?"

"Kwa yote. Na mimi sisemi ndiyo."

"Ulikuwa mdogo kama donge hili," alisema Natércia, akaupiga unga mezani. "Ndani ya sanduku la kioo, mipira puani. Mimi sikuwa na la kufanya ila kulia. Bibi yako akafanya anachokijua."

"Najua. Nasikia hadithi hiyo tangu nina akili. Lakini ahadi ilikuwa yake. Mimi nilikuwa kwenye kioo, sikuulizwa."

"Unaongea kama wakili."

"Nitatembea kwenye maandamano. Nitashika utepe. Nitapakua supu mpaka vidole viungue. Magoti sipigi, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha nisidanganye."

Natércia alitaka kumzaba kibao na alitaka kumbusu. Mikono yake ilikuwa imejaa unga, kwa hiyo hakufanya lolote.

"Sawa," alisema. "Kichwa chako ni chako. Lakini kutoka mlangoni, litatoka. Hata nikilipakata kwenye ngazi mpaka asubuhi."

*

Jioni watu walipanda ngazi mpaka zikalia. Walijaa sebuleni, wakajaa koridoni, wengine wakasali wamekaa juu ya kitanda cha Sabrina. Wanawake wengi walikuwa wameshona nguo viwandani ujana wao wote, na wakisali pamoja sauti zao hufanana na kile chumba cha mashine ukikisikia kutoka barabarani: mngurumo mmoja, haupandi, haushuki. Natércia alijikuta ndani yake. Midomo yake iliitikia yenyewe, salamu baada ya salamu, wala haikumwomba ruhusa. Kwa muda hakujua ni mwaka gani, wala kama yule mwanamke mnene wa pembeni, mwenye harufu ya sabuni ya lavenda, alikuwa jirani au mama yake.

Kisha rozari ikaisha, na Dona Gilberta akasimama.

"Kabla hatujatawanyika. Mshumaa ulizimwa jana katika nyumba hii."

"Tumesikia," alisema Hermano kutoka mlango wa jikoni. "Hata wa upande wa pili wa mto wamesikia."

Baadhi walicheka, wakajifanya wanakohoa. Gilberta hakucheka.

"Natércia, mama yako alikuwa rafiki yangu kuliko dada. Kwa hiyo nakuuliza mimi, nisimwachie mtu mwingine akuulize kwa kejeli. Unaamini au huamini? Sema mbele ya taji."

Watu walitazama zulia. Natércia aliona aibu ikimpanda shingoni, aibu ya mtu aliyevuliwa kiatu mbele ya wageni soksi ikaonekana imetoboka.

"Siamini," alisema.

Rozari ya mtu ilianguka sakafuni.

"Basi," alisema Gilberta, polepole, kama naye imemuuma. "Lichukuliwe."

"Ngoja kwanza, Dona Gilberta. Kesho mchana tutalisha watu ukumbini. Nani atasimama kwenye sufuria la supu?"

"Mimi. Kama kila mwaka."

"Atakuja Mkambodia wa duka la kona na watoto wake. Watakuja wale wanaolala kwenye mahema chini ya daraja. Utawauliza wanaamini nini kabla hujawapakulia?"

"Supu ni supu."

"Supu ni ya taji. Nyama ni ya taji, mkate ni wa taji. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha, na wewe ulikuwa umekaa karibu naye unamenya vitunguu. Taji linalisha bila kuuliza. Sasa mbona mlangoni kwangu linauliza?"

Ghorofani mmoja wa mapacha alianza kulia, akanyamazishwa.

Mzee Urbino, mwenyekiti wa kamati, alirekebisha kifaa chake cha sikio. Alikuwa mtu wa maneno machache kwa sababu hakusikia mengi.

"Kura haina miguu," alisema. "Imetoka kwa Idalina, itabaki kwa Idalina. Taji litatoka hapa. Lakini Misa haina maana bila kichwa. Nani atavikwa?"

Macho yote yakamwendea Sabrina. Msichana aliinuka, mwekundu mpaka masikioni.

"Naliheshimu, babu Urbino. Lakini mimi hapana."

Minong'ono ikapita chumbani. "Vizazi hivi," alisema mmoja. "Maskini Idalina," alisema mwingine, kwa sauti ya kutaka asikike.

"Mimi," alisema Natércia. "Nitavikwa mimi."

Mzee Urbino alitikisa kichwa kukubali. Kwake kichwa ni kichwa. Dona Gilberta alijifunga skafu yake kidevuni.

"Asiyeamini chini ya njiwa," alisema. "Idalina, fumba macho usione."

"Ameshayafumba, Dona Gilberta," alisema Hermano, bila mzaha safari hii.

*

Jumapili ukungu ulikuwa mzito zaidi. Bendi ya tarumbeta ilitangulia, lakini wapigaji hawakuonekana; muziki ulitoka tu katika weupe, kama kuna mji mwingine nyuma ya huu ambao ndio ulikuwa unafanya sherehe. Natércia alilibeba taji juu ya sahani yake ya fedha. Alikuwa amelitoa mlangoni, amelishusha ngazi zote, Sabrina akimshikia kiwiko, na alipokanyaga barabara alisema moyoni, haya mama, limetoka. Hakuna aliyejibu. Lakini mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Walipita mbele ya viwanda vilivyofungwa, madirisha yake yakiwa yamezibwa kwa matofali. Wasichana wenye nguo nyeupe walishika utepe mwekundu kumzunguka, Sabrina kati yao, mrefu kuwapita wote. Watu walitoka vibarazani na vikombe vya kahawa. Baadhi walipiga ishara ya msalaba, baadhi walipunga mkono tu, na ukungu ukawameza wote sawasawa. Taji lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Alitembea kama anayetembea usingizini, asiyetaka kuamshwa.

Kwenye ngazi za kanisa maandamano yalisimama kungoja mlango mkubwa ufunguliwe. Hapo ndipo husimama wanaume wa ngazini. Kila parokia inao: wanakuja Misa kila sikukuu, wamevaa suti, wamenyoa vizuri, na hawaingii ndani. Huvuta sigara, huzungumza habari za besiboli, na kengele ya mageuzo ikilia, padri anapouinua mkate, huvua kofia. Hermano alikuwa amekwishajichukulia nafasi yake. Karibu naye alisimama Adriano, mume wa Dona Gilberta, ambaye ameisikiliza Misa kutoka nje maisha yake yote ya ndoa.

"Pole na jana," Adriano alimwambia Natércia kwa sauti ya chini. "Mke wangu ana mdomo."

"Alisema anachokiamini."

"Siyo hicho tu." Aliitazama sigara yake. "Jina lake limo kwenye kura tangu tulipokuja nchi hii. Halitoki. Makaratasi yanakunjwa, mtoto anatia mkono, halitoki. Anafua vitambaa, anapiga pasi, anapanga maua kwenye nyumba za watu. Mwaka jana lilipotoka la mama yako, alipiga makofi kuliko wote. Tukarudi nyumbani, akakataa kushuka garini. Akakaa humo peke yake mpaka giza likaingia."

"Hajawahi kuniambia."

"Hata mimi hajaniambia. Nilimwona nikiwa dirishani."

Mlango ukafunguliwa, na kinanda kikamvuta Natércia ndani.

*

Mwili una kumbukumbu ambayo akili haina habari nayo. Alisimama waliposimama, aliketi walipoketi. Mwanga ulipenya vioo vyekundu ukaanguka juu ya mikono yake, akawa kama amevaa glavu za kuazima. Moshi wa ubani ulipanda polepole, ukajikunja chini ya dari, ukasahau ulikokuwa unakwenda. Padri alisema maneno, watu wakayajibu, na Natércia akawaza kwamba angeweza kukaa hapa siku nzima, kama mtu akaavyo kando ya maji asiyokusudia kuyaoga.

Wakati wa komunyo yeye alibaki. Watu wa safu yake walilazimika kuyaruka magoti yake. "Samahani," alisema kila alipoguswa. "Samahani." Mwanamke mmoja alisimama mbele yake akingoja ainuke, akaelewa, akasema "aa," na ile "aa" ilisikika safu mbili nyuma.

Kisha Misa ikafika mwisho na padri akashuka ngazi za altare. Kwaya ikanyamaza. Mto mwekundu wa kupigia magoti uliwekwa chini.

"Aje mwenye taji," alisema padri.

Natércia aliinuka, akalibeba, akamkabidhi. Akautazama ule mto.

Ilikuwa kazi rahisi. Kupiga magoti, kuinamisha kichwa, kusimama. Kwake isingekuwa dhambi, maana dhambi ni ya wenye imani. Asingehisi kitu ila ubaridi wa fedha. Kesho angerudi kazini. Isingemgharimu lolote, na hapo, mbele ya kanisa zima, ndipo alipoona haya kweli, kuliko alivyoona jana sebuleni. Jana alivuliwa kiatu. Leo alikuwa anavaa cha mtu.

Akageuka.

"Natércia?" alisema padri.

"Naomba subira kidogo, Padri."

Viatu vyake vililia kwenye marumaru. Watu walidhani anakimbia. Mmoja alisogeza miguu kumpisha. Alisimama kwenye safu ya tatu, pembeni, alipokaa Dona Gilberta na mkoba wake mapajani, macho yake makavu yakiwa yameganda kwenye taji.

"Dona Gilberta, inuka."

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Njoo uvikwe."

"Usinifanyie mzaha kanisani, wewe mtoto."

"Sifanyi mzaha. Mwenye kura ndiye anayechagua kichwa. Nimechagua."

"Kura si yangu." Aliubana mkoba mapajani. "Mungu hakunipa. Kama angetaka angenipa."

"Hayo ya Mungu mtaelewana wenyewe. Mimi nasema ya kwangu."

"Watu watasema niliwagombeza ili nilipate."

"Watasema. Hata mimi watanisema. Inuka, padri anasubiri na lile taji ni zito."

Gilberta aliipeleka mikono kichwani, akaigusa skafu, akaivua. Nywele zake zilikuwa chache na nyeupe, zimelala upande mmoja.

"Nywele zangu hazijakaa sawa," alinong'ona.

"Taji litazifunika."

Yule mama mtu mzima alishika mgongo wa benchi la mbele, akainuka. Akaangalia huku na huku hajui aweke wapi mkoba, kisha akautia mikononi mwa Natércia, kama mikononi mwa mtu wa nyumbani. Akatembea. Magoti yake hayakulalamika, au kama yalilalamika hakuyasikia. Alipofika kwenye mto mwekundu alishuka taratibu, mkono mmoja sakafuni, na padri akainama kumsaidia, naye akakataa kwa kichwa.

Natércia akaketi mahali pa Gilberta, pakiwa bado na joto, mkoba mapajani, akalitazama taji likishuka.